Shajara ya transmita ya valvu 6146: kupata nguvu bila kuchoma valvu

8 Juni 2024: Hali niliyoikuta

Transmita hii ilipanda Mbeya kwa basi kutoka Kyela, ikiwa imeviringishwa katika blanketi mbili. Mzee aliyenikabidhi ndiye aliyeijenga katika miaka ya 1960, wakati akiwa fundi wa misheni, na kwa miaka mingi aliitumia kupeleka ujumbe kwa mosi (alama za nukta na mistari) kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kabla redio koli za kisasa hazijafika huko. Ndani yake kuna valvu tatu, yaani taa za kioo zinazokuza au kugeuza umeme. Ya kwanza ni 6CL6, ambayo huzalisha mawimbi kwa kutumia kristali (kijibamba cha kwatsi kinachoshikilia masafa) ya kilohezi 7,030. Ya pili ni 6146, ambayo hukuza mawimbi hayo na kuyapeleka kwenye antena; ndani yake hita huipasha kathodi, kathodi hutoa mkondo unaoelekea anodi, na gridi iliyo kati yao huudhibiti. Ya tatu ni 5R4GY, ambayo hugeuza umeme wa transfoma kuwa umeme mnyofu (usiogeuka mwelekeo) wa volti 600 hivi. Usoni kuna mita mbili, moja ya mkondo wa gridi na nyingine ya mkondo wa anodi, yenye kikomo cha miliampea 250.

Mchoro wa saketi ulikwishapotea. Nilitumia jioni mbili kufuatilia waya mmoja mmoja na kuuchora upya. Hewa ya ziwani ilikuwa imeila chasisi kwa kutu, lakini koili ya shaba na kapasita mbili za kuzungusha zilikuwa nzima.

Ninaandika shajara hii kwa ajili ya yeyote mwenye transmita ya namna hii anayetaka kuirekebisha bila kurudia hasara zangu. Volti 600 zinaua, na kapasita za kuchuja hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Kabla ya kuingiza mkono ndani, kila mara nilichomoa plagi, nikasubiri dakika moja, nikagusisha fimbo yenye rezista na waya wa adi (ardhi) kwenye ncha ya volti kubwa, kisha nikapima kwa multimita.

Kapasita za zamani za kuchuja zilikuwa zimevimba. Nimeweka mbili za mikrofaradi 47, volti 450 kila moja, zikifuatana, na kila moja ina rezista yake ya kiloomu 100 ya wati 3, ili zigawane volti sawasawa na zimwage chaji zenyewe transmita ikizimwa. Gharama: shilingi 10,000.

15 Juni 2024: Umeme wa nyumbani na hita za valvu

Transfoma ya mzee ilisukwa kwa ajili ya volti 220 za jenereta. Nyumbani kwangu, usiku wa manane, multimita inaonyesha volti 243. Kwa kipimo hicho hita ya 6146, ambayo inataka volti 6.3, ilikuwa inapata 6.95. Hiyo ni ziada ya asilimia 10, na ziada ya namna hiyo hufupisha sana maisha ya kathodi.

Dawa yake ni ya zamani na ya bei nafuu. Unachukua transfoma ndogo ya volti 18, unaunga upande wake wa pili mfululizo na waya wa umeme unaoingia kwenye transmita, ukiwa umegeuzwa ili volti zake zipunguze zile za ukutani. Mara ya kwanza niliunga kinyume. Badala ya kupungua, volti zilipanda hadi 262. Sikupata hasara yoyote kwa sababu nilikuwa nimeweka balbu na multimita mahali pa transmita, na ninamsihi kila atakayeiga kazi hii afanye hivyo hivyo. Nilibadilisha ncha mbili za upande wa pili, nikapata 224 kwenye transfoma na 6.41 kwenye hita.

Siku mbili baadaye niligundua kasoro ya pili. Saa mbili usiku, majirani wote wanapopika na kuwasha taa, umeme hushuka hadi 214, na kipunguzi changu kinaushusha tena hadi 197. Hita ilipata volti 5.65. Upungufu nao ni sumu, kwa maana kathodi yenye baridi ikilazimishwa kutoa mkondo mkubwa huharibika uso wake. Nimeongeza swichi inayokiruka kipunguzi, na sasa ninapima volti kabla ya kuwasha ndipo ninaamua upande wa swichi. Transfoma na swichi: shilingi 25,000.

29 Juni 2024: Mzigo bandia, mara tatu

Transmita haitakiwi kurekebishwa ikiwa imeungwa kwenye antena, kwa sababu unawasumbua wengine kwenye masafa na kwa sababu hujui antena inakudanganya kiasi gani. Unahitaji mzigo wa omu 50 unaomeza nguvu yote na kuigeuza joto.

Nilianza na balbu ya wati 60, kama mafundi wengi walivyofundishwa. Balbu ya volti 230 na wati 60 ina omu karibu 880 ikiwaka kikamilifu, na ikiwa baridi ina chini ya omu 80. Kwa hiyo kila nilipoongeza nguvu, mzigo wenyewe ulibadilika chini ya mikono yangu. Balbu inafaa kukuonyesha kwamba kuna nguvu inayotoka, lakini haifai kupima.

Kisha nilinunua rezista kubwa ya waya uliozungushwa juu ya kauri, kwa shilingi 6,000. Multimita ilionyesha omu 50 kamili, nami nikafurahi. Transmita ilikataa kabisa kupakia, yaani kupeleka nguvu kwenye mzigo. Ilinichukua nusu siku kukubali kwamba waya uliozungushwa ni koili, na kwamba katika megahezi 7 koili ile ilikuwa na uzuiaji mkubwa kuliko zile omu 50 zilizoandikwa ubavuni mwake.

Mzigo uliofaulu ni rezista 20 za oksidi ya metali, kila moja kiloomu 1 na wati 3, zilizolehemiwa sambamba kati ya vipande viwili vya bati la kopo. Unapata omu 50 na wati 60. Juu yake nimeunga kipimo cha kilele, yaani diodi inayojaza kapasita ndogo, na multimita inasoma volti za kapasita hiyo. Katika mzigo wa omu 50 hesabu ni rahisi: zidisha volti za kilele kwa zenyewe, gawanya kwa 100, unapata wati. Diodi ya kwanza ilikuwa 1N4007 niliyokuwa nayo mezani, nayo ni nzito mno kwa megahezi 7, hivyo ilisoma vibaya. Mbili za 1N4148 zikifuatana zinatosha. Moja peke yake haitoshi, kwa kuwa kwa wati 50 diodi hupokea kinyume karibu volti 140, na 1N4148 huvumilia 100 tu. Gharama za hatua hii, pamoja na ile rezista iliyonidanganya: shilingi 17,000.

7 Julai 2024: Nimeichoma valvu

Asubuhi ya leo ilikuwa ya baridi kali ya Mbeya ya mwezi wa saba, na ukungu ulikuwa bado umelala hadi chini ya mlima Loleza. Niliwasha hita, nikasubiri dakika tano, nikabonyeza kibonyezo cha mosi. Mkondo wa anodi ulipanda hadi mwisho wa mita. Nikaamini kwamba saketi ya anodi haijapata rezonansi (haijalingana na masafa ya kristali), nikaanza kuzungusha kapasita ya anodi kutafuta mahali sindano inapoanguka, huku kidole kikiwa kimeshikilia kibonyezo. Sindano haikuanguka popote. Nilizungusha tena. Nilipoinua macho, bamba la anodi ndani ya kioo lilikuwa jekundu kama kaa la moto.

Baada ya hapo 6146 ile haikuweza tena kutoa zaidi ya miliampea 30. Ilikuwa imefanya kazi tangu enzi za misheni, nami niliimaliza kwa muda usiofika dakika moja. Jambo hili limeniuma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la macho: sikuitazama mita ya gridi, ambayo ilikuwa sifuri tangu mwanzo. 6CL6 haikuwa inatoa mawimbi. Katika saketi hii 6146 hupata volti zake hasi za gridi kutokana na mawimbi hayo yenyewe, yanapopitisha mkondo wa miliampea karibu 3 katika rezista ya kiloomu 22. Mawimbi yakikosekana, gridi haina kitu cha kuizuia valvu. Volti 560 kwa miliampea zaidi ya 200 ni wati zaidi ya 110, zote zikiishia kwenye anodi inayoruhusiwa wati 25.

Nilimpigia simu mzee, nikampa shikamoo, nikamweleza bila kuficha. Baada ya kunyamaza kidogo aliuliza, "Mwanangu, ile kristali ulishaifungua ukaiosha?" Sikuwa nimefanya hivyo. Kristali yake ni ya muundo wa FT-243, ule uliotumiwa na jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, na kifuniko chake hufunguka kwa skrubu tatu. Ndani nilikuta kijibamba cha kwatsi kikiwa na utando wa uchafu. Nilikiosha kwa spiriti na brashi laini, nikakikausha bila kukigusa kwa vidole. Tangu hapo 6CL6 huanza kazi papo hapo, hata asubuhi ya baridi.

24 Agosti 2024: Kinga, na rezista iliyozeeka

Valvu mpya iliagizwa nje na ilichukua wiki sita kufika. Ni 6146B, iliyonigharimu shilingi 148,000 pamoja na usafirishaji. Anayetafuta valvu hii katika maghala ya vifaa vya zamani vya Kiingereza asome pia maandishi QV06-20, na katika vile vya Ulaya bara QE05/40, kwani ni jamaa zake wa moja kwa moja. Asichukue 6883 kwa kufananisha umbo, maana hita yake ni ya volti 12.6.

Wakati nikisubiri, niliazimia kwamba kosa la Julai lisiweze kurudiwa, hata na mkono usio na uzoefu. Nimeongeza valvu ya kubana, 6AQ5, niliyoipata kwa fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, ndani ya redio ya mezani iliyokufa. Anodi yake imeungwa kwenye skrini ya 6146 (gridi ya pili, ambayo volti zake huongoza mkondo wa anodi), na gridi yake inapata zile zile volti hasi za gridi ya 6146. Mawimbi yakiwepo, volti hasi zinaifunga 6AQ5 na haina athari yoyote. Mawimbi yakikosekana, inafunguka, inavuta mkondo, na kuziangusha volti za skrini. Niliijaribu kwa kuchomoa kristali makusudi: mkondo wa anodi ulisimama kwenye miliampea 38, yaani wati 21, ambazo valvu inaweza kuzivumilia.

Nilipopima rezista ya skrini niligundua kitu kingine. Mzee alitumia rezista mbili za kaboni za kiloomu 100, sambamba, ili apate 50. Joto la miaka limezipandisha hadi kiloomu 71. Skrini ilikuwa inapata volti chache, na nguvu ingekuwa ndogo hata kama kila kitu kingine kingekuwa sawa. Nimeweka moja ya waya, kiloomu 47, wati 10. Hapa waya uliozungushwa hauna madhara, kwa sababu ni njia ya umeme mnyofu. Gharama za hatua hii, mbali na 6146B: shilingi 11,500.

31 Agosti 2024: Bonde na kilele havikukutana

Katika saketi iliyo sawa, unapozungusha kapasita ya anodi, mkondo wa anodi hushuka ghafla pale rezonansi inapopatikana, na mahali hapo hapo nguvu inayotoka hufika kileleni. Ninauita mshuko huo bonde. Kwa 6146B mpya, bonde lilikuwa kwenye namba 46 ya kipimo cha kapasita, na kilele cha nguvu kwenye 52. Aidha, mita ya gridi ilikuwa inaruka kila nilipopita bondeni.

Dalili hizi mbili zina maana moja. Sehemu ndogo ya mawimbi ya anodi inarudi kwenye gridi kupitia ndani ya valvu yenyewe, nayo husukuma au kuzuia kulingana na upande uliopo wa rezonansi. Mzee alikuwa ameshalisawazisha jambo hilo kwa ulimi mwembamba wa shaba uliosimama karibu na kioo cha valvu, unaorudisha kiasi kile kile kwa mwelekeo wa kinyume. Lakini aliusawazisha kwa 6146 ya awali. 6146B hukuza zaidi na maungo yake ya ndani yametofautiana kidogo, hivyo usawazisho wa mmoja haumfai mwingine.

Nilizima kila kitu, nikamwaga chaji, nikatenga waya wa volti kubwa wa anodi na ule wa skrini, nikaacha hita na mawimbi ya 6CL6 tu. Valvu ya mwisho ikiwa haina umeme wa anodi, chochote kinachoonekana kwenye mzigo bandia ni kile kinachovuja kupitia ndani yake. Nilikuta volti 1.9. Niliukunja ulimi wa shaba kwa kijiti kikavu cha mwanzi, nusu milimita kwa mara moja, nikirekebisha kapasita ya anodi kila baada ya kukunja, hadi uvujaji ukafika volti 0.1. Niliporudisha umeme, bonde na kilele vilikutana kwenye namba 49. Kazi hii haikunigharimu shilingi hata moja, nayo ndiyo iliyobadilisha tabia ya transmita kuliko kitu chochote nilichonunua.

14 Septemba 2024: Kupakia

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Utaratibu ninaoufuata ni huu. Kapasita ya mzigo, ile ya upande wa antena, inafungwa kabisa, kwa sababu hapo ndipo valvu inapobeba mzigo mdogo zaidi. Mkondo wa gridi unawekwa miliampea 2.7. Ninabonyeza kibonyezo kwa sekunde mbili au tatu, ninatafuta bonde kwa kapasita ya anodi, ninaachia. Mara ya kwanza bonde lilikuwa na kina kirefu, mkondo ukishuka hadi miliampea 40. Kisha ninafungua kapasita ya mzigo kidogo, mkondo unapanda, ninalitafuta bonde upya, na kuendelea hivyo. Kila hatua bonde linakuwa na kina kifupi zaidi kuliko hatua iliyotangulia.

Kuna tahadhari moja. Kapasita ya anodi ikiwa karibu kufunguka yote kuna bonde la pili. Nililisikiliza kwa redio ya kupokea na kukuta transmita inatoa kilohezi 14,060, yaani maradufu ya kristali. Bonde halali ni lile ambalo kapasita imefungwa zaidi. Kwa hesabu yangu, saketi hii inahitaji upande wa anodi pikofaradi 100 hivi, upande wa antena 590, na koili ya mikrohenri 5.6, kwa hiyo anayejenga upya ana mahali pa kuanzia.

Bonde lilipofika miliampea 110, volti za anodi zilikuwa 560. Nguvu iliyoingia ni wati 61.6. Kipimo cha kilele kilisoma volti 67, yaani wati 44.9. Wati 16.7 zilibaki kuwa joto, na anodi haikuonyesha wekundu wowote hata chumba kikiwa giza.

Nilitaka kujua kinachotokea ukiendelea, kwa sababu ninawafahamu mafundi wengi wanaosukuma sindano hadi inapokataa, wakiamini kwamba mkondo mkubwa ndio nguvu kubwa. Nilifungua kapasita ya mzigo hadi miliampea 150. Volti zilishuka hadi 545. Nguvu iliyoingia ilikuwa wati 81.8, na kipimo cha kilele kilisoma 69, yaani wati 47.6. Nimeongeza wati 20 kwenye mlango wa kuingilia nikapata wati 2.7 kwenye mlango wa kutokea. Zilizosalia ziliipasha anodi hadi wati 34, kiwango ambacho 6146 ya kawaida isingekihimili na ambacho 6146B inakihimili kwa shida. Nimerudi kwenye 110, na hapo ndipo itakapobaki.

28 Septemba 2024: Cheche

Nilipojaribu kupunguza nguvu kwa kufunga tena kapasita ya mzigo, cheche ziliruka katika kapasita ya anodi zikiwa na sauti kama ya kijiti kikavu kinachovunjika. Mzee anasema kule Kyela hakuwahi kuziona. Sababu ziko mbili, na ninaamini zilishirikiana. Kwanza, valvu iliyopungukiwa na mzigo huku ikisukumwa kwa nguvu zote hupandisha volti za mawimbi kwenye kapasita ya anodi. Pili, Kyela iko kwenye mwinuko wa takriban mita 500, na Mbeya takriban 1,700. Hewa ya huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na hewa nyepesi huruhusu cheche kwa volti ndogo zaidi. Vumbi la kiangazi lililokaa kati ya mabamba lilimaliza nafasi kidogo iliyokuwa imebaki. Niliyapuliza na kuyafuta mabamba, nikalainisha kwa tupa ncha zilizochomwa.

Hata hivyo, nimeacha kabisa kupunguza nguvu kwa njia hiyo. Valvu ya kubana inatoa njia bora. Nimeweka potenshometa (rezista inayorekebishwa kwa kuzungusha) kwenye gridi ya 6AQ5, ili ipate sehemu tu ya volti hasi. Inafunguka kiasi, inashusha volti za skrini, na nguvu inashuka huku bonde likibaki mahali pake. Kwa miliampea 45 na volti 590 ninapata kilele cha volti 39, yaani wati 15.2, bila cheche yoyote.

12 Oktoba 2024: Antena

Leseni yangu ya redio ya ridhaa (ya kujifurahisha, si ya biashara) kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilikuwa tayari, hivyo leo nimeunga antena ya waya wa mita 20.3, iliyokatwa katikati, juu ya mlingoti wa mianzi, na kebo ya RG-58. Gharama: shilingi 54,000. Kapasita ya anodi ilihama kutoka namba 49 hadi 50, na ya mzigo ilihitaji kufunguliwa kidogo zaidi kuliko kwenye mzigo bandia. Nilipakia hadi miliampea 110 zile zile.

Rafiki yangu wa Iringa alinisikia saa tano asubuhi. Nilimwomba asikilize mara mbili bila kumwambia nguvu ninayotumia, kwanza wati 45, kisha wati 15. Tofauti ni chini ya desibeli 5, isiyofika hatua moja ya mita ya redio yake, na aliandika maneno yote ya mara ya pili bila kukosea hata moja. Tangu hapo ninaanza kila mawasiliano kwa wati 15 na kupandisha pale tu mwenzangu anaponiomba nirudie.

Jumla ya gharama hadi leo ni shilingi 265,500. Bado kuna mvumo mdogo wa umeme katika sauti ya mosi, ambao nadhani unatoka kwenye choki ya kuchuja (koili inayolainisha umeme mnyofu). Mvua za Novemba zinakaribia, kwa hiyo kabla ya kuifungua choki nitaweka swichi ya kuitenga antena na kuiunga na ardhi wakati wa radi.